Makuta ya njia na makuta ya soko

Ile swali ilitoka kwa mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo. Hakusimama hata, alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, beseni yake katikati ya miguu, na mvua ilikuwa inapiga mabati ya chumba cha shule chenye walituazima pale Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, mpaka ikabidi aseme mara mbili ndio watu wasikie: «Hii makuta munasemaka, ni ya njia ao ni ya soko?»

Makuta kwetu ni pesa. Sisi wenye tulikuwa mbele na makaratasi ya pesa ya fondasio, yani shirika lenye linatoa pesa ya kusaidia, hatukushika haraka. Akatueleza pole pole: «Mutu akienda soko ku Mugogo, iko makuta ya njia na iko makuta ya kununua. Ukimupatia ya kununua tu, ya njia hapana, ile ya kununua ataikula mu njia na atafika mikono mutupu. Ukimupatia ya njia tu, atafika, ataangalia bitu ya benzake, atarudia.»

Ni miaka kadhaa sasa na mimi bado naishi na ile swali. Wiki hii imerudi tena juu kijana mmoja wa Bagira, sehemu ingine ya mji wetu, ameniandikia kwenye WhatsApp, anataka nimsaidie kujaza dosie ya kuomba pesa ya fondasio moja ya Ulaya yenye inatafuta «ushirika wa jamii wa sekta mbalimbali». Alinitumia kurasa kumi na mbili, zimeandikwa vizuri, picha ziko, bajeti iko. Nikamuuliza kitu kimoja tu, ninyi mko hatua gani, ya njia, yani kujipanga, ao ya soko, yani kutekeleza? Akanyamaza siku mbili. Basi naandika hapa yale ningemwambia tukiwa tumekaa, na labda kuna wengine yatawafaa.

Kwanza nieleze hii aina ya pesa, juu wengi wanaichanganya na ile ya kawaida. Kawaida fondasio inapatia ONG (shirika lisilo la serikali) moja, ONG inafanya kazi yake, inaandika ripoti, imeisha. Hii nyingine inapewa kundi la watu wenye kazi zao hazifanani: hospitali, Leta (serikali), shule, wachuuzi, kanisa, mafundi, wote kwenye meza moja kwa shida moja. Na fondasio zenye zimekomaa kidogo haziulizi tu «mnataka kufanya nini», zinauliza mmefika wapi, na pesa ya mwenye anaanza kukutana na wenzake haiwi sawa na ya mwenye tayari anajenga.

Mfano wenye mimi napenda ni wa Marekani, unaitwa BUILD Health Challenge. Fondasio kadhaa ziliweka pesa pamoja, kati yao Robert Wood Johnson Foundation, Kresge Foundation na de Beaumont Foundation, na mwaka 2015 wakachagua jamii 18. Kati ya hizo 11 zikapata dola 75,000 za kupanga tu, yani kukaa, kusikilizana, kutafuta hesabu za ugonjwa kwenye mtaa wao, kuamua wanaanzia wapi. 7 ndizo zikapata dola 250,000 za kutekeleza. Na sharti lilikuwa kwamba kila kundi liwe na watu wa aina tatu, shirika la jamii, hospitali, na idara ya afya ya serikali ya pale, na hospitali nayo itie mchango wake, haiwezi kuja mikono mitupu na kuondoka na picha. Kule Des Moines, jimbo la Iowa, walishughulika na pumu ya watoto. Mtoto anatibiwa hospitali, anarudi kulala kwenye nyumba yenye unyevu na ukungu ukutani, kesho kutwa amerudi hospitali. Daktari hana nyundo na fundi wa nyumba hajui majina ya watoto wenye pumu. Ukiwakalisha pamoja ndio unaona dawa ingine iko kwenye ukuta.

Dola 75,000 za kukaa na kusikilizana! Najua mtu wa hapa akisoma anashika kichwa. Lakini niwaeleze sisi ilitupata nini.

Shida yetu sisi ni takataka na mto Kawa. Mwenye anakaa Bukavu hana haja nimueleze, lakini kwa wenye hawaijui: mji umepanda kwenye milima, nyumba juu ya nyumba, avenyu nyingi gari haiingii, hata pusupusu (mkokoteni) inahangaika. Kwa hiyo sashe (mifuko ya plastiki), chupa, maganda, vyote vinashuka na mvua kwenye kanivo (mifereji ya maji), kanivo zinashuka kwenye mto, mto unaingia ziwa Kivu, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, ni mto Ruzizi, na pale pale ndipo liko bwawa la umeme la Ruzizi I tangu wakati wa Wabelgiji. Plastiki inafika pale inajikusanya mpaka unaona kama unaweza kutembea juu yake. Ikiingia kwenye mashine, mashine inasimama, na umeme unakosekana huku na kule Goma. Yani mama anatupa sashe asubuhi huku Kadutu halafu jioni anawasha mshumaa, na hakuna mtu alishamuonyesha hiyo njia nzima kwa kidole.

Angalia basi hiyo shida ni ya nani. Watu wa afya wanahesabu kuhara na kipindupindu. Watu wa umeme wanatoa plastiki kwenye maji, kila siku, wakimaliza leo kesho imejaa. Ofisi ya meya ina sheria na kodi. Soko ina mafagio. Shefu wa avenyu ana neno lake, watu wanamsikia. Vijana wana mgongo wa kubeba. Kila mmoja ana kipande na kila mmoja anafikiri kipande chake ndio shida yote.

Mara ya kwanza tulipopata nafasi, tulikimbia. Fondasio moja, sitaitaja, ilitangaza pesa kubwa ya kutekeleza na ilibaki wiki tatu dosie ifungwe. Tukazunguka mji mzima na karatasi ya kutia sahihi. Mashirika tisa yakatia, na ofisi mbili za Leta, na tarehe ya mwisho usiku saa tano tukatuma. Tulikubaliwa. Nilifurahi mpaka nililia, sisemi uongo.

Halafu siku ya kwanza ya kukaa wote pamoja ilikuwa ni siku ya kugawana. Hatujawahi kukaa mbele ya hapo! Wale tisa walikuwa wanajuana kwa mihuri tu. Akaunti ni ya nani, prezida ni nani, nani anatembea na gari, perdiemu ngapi, na kwa nini wao wawe na mistari mitatu ya bajeti na sisi mmoja. Mwezi wa pili wawili walikuwa wameacha kuja. Mwezi wa nne kila mtu alikuwa anafanya kipande chake kama zamani, tofauti ni kwamba sasa alikuwa anafanya na fulana mpya.

Na tulinunua pubele, yani pipa za takataka. Kubwa, za plastiki ngumu, na mfuniko. Tukazipanga kwenye avenyu kwa sherehe. Baada ya wiki mbili nikapita asubuhi na sikuona hata moja nje. Nikaingia kwa jirani mmoja kumsalimia, nikaikuta iko ndani pembeni ya makaa, imeoshwa ikatakata, imejaa mayi mpaka juu, kikombe kinaelea. Mama wa nyumba akaniambia bila haya yoyote, na kwa nini aone haya: «Yaya (mkubwa wangu), mayi inatokaka mara moja kwa juma, miye na batoto saba, na bidoni moja imetoboka. Ningefanya nini?» Sikuwa na jibu. Hakuna mtu aliiba. Tulileta chombo kizuri chenye mfuniko kwenye mtaa wenye kiu, na hatukuwa tumeuliza mtu hata mmoja anaishi vipi na mayi. Maswali kama yale ndio yanauliziwa kwenye hatua ya kwanza, na sisi hatua ya kwanza tuliiruka juu hakuna mtu alikuwa anailipa.

Ile proje ikaisha kwa ripoti nzuri, na nilisaidia kuiandika, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ndio baadaye, zaidi ya mwaka, ikaja pesa ingine, ndogo sana, ya fondasio ingine. Na hawa walituambia wazi, hii si ya kununua kitu, hii ni ya kukaa. Miezi saba. Mkimaliza mtuambie mmekubaliana nini, na kama mmekubaliana kwamba hamuwezi kufanya kazi pamoja, hilo nalo ni jibu, hamtarudisha pesa. Sikuwahi kusikia mfadhili anasema vile.

Tulitumia kwa nini? Pesa ya motari (pikipiki ya kubeba watu) kwa wenye wanatoka mbali. Chai na mandazi, juu mkutano wa saa nane na watu wenye hawajakula ni kelele tu. Karatasi, chaki. Fidia kidogo kwa bamama juu wakikaa na sisi masaa matatu soko yao imelala, na hapa niseme kitu: mtu wa ofisi akija mkutanoni mshahara wake unaendelea kutembea, muuza sambaza akija anapoteza, na mkimkalisha bure halafu mnaandika «jamii ilishirikishwa» mmemuibia. Na sehemu kubwa ikaenda kwa sekretere mmoja, nusu siku, mwenye kazi yake ilikuwa kupigia watu simu, kuandika nani alisema nini, kwenda kumuona mwenye hakuja na kumuuliza kwa nini hakuja.

Huyo sekretere ndiye kila kitu. Kuna Wamarekani wawili, John Kania na Mark Kramer, mwaka 2011 waliandika makala yenye ilisomwa sana na watu wa fondasio, wakataja mambo matano yenye yanafanya mashirika tofauti yaweze kweli kusukuma kitu kimoja: lengo moja, kipimo kimoja, kazi zenye zinasaidiana, kuongea bila kukatika, na la tano ni kuwa na watu wenye kazi yao ni kushikilia ushirika wenyewe, wao waliita mfupa wa mgongo. Walichukua mfano wa Cincinnati, viongozi zaidi ya 300 wa mashirika na shule kwa ajili ya masomo ya watoto. Nilipoisoma nilifikiria tu yule binti na daftari yake imefunikwa na sashe juu ya mvua, anapanda Cimpunda kumtafuta shefu. Halafu ujaribu kumuandika kwenye bajeti uone, wafadhili wengi wanasema mshahara hatulipi, tunalipa shughuli. Kwao kutembea nyumba kwa nyumba kutafuta watu haiitwi shughuli.

Kwenye mkutano wa nne ndio tulichora. Tulichora mtaa kwa chaki kwenye sakafu ya sima ya ile shule, mto, soko, ngazi, kila mtu anasimama fasi yenye anaishi. Na muuguzi mmoja wa zoni ya afya akaweka mawe madogo fasi yenye watu walihara sana mvua iliyopita. Mawe yakajikusanya kwenye kona moja. Kimya. Kumbe pale juu kidogo ndipo takataka za soko zinamwagwa usiku. Nani anamwaga? Hapo yule mama wa sambaza akacheka kidogo akasema «batoto yetu banamwaga». Ndio tukajua: saa kumi na mbili jioni wachuuzi wanawalipa watoto franga 500 kwa gunia waende kutupa, mtoto anaenda fasi ya karibu, na fasi ya karibu ni mto. Hakuna aliyekuwa anajua hiyo kazi ipo, si zoni ya afya, si komine (serikali ya sehemu yetu ya mji), si mimi mwenye nimezaliwa hapa. Pesa ya kuondoa takataka ilikuwa tayari inatembea kila jioni ndani ya mtaa! Ilikosa tu kwenda fasi ingine.

Kutoka pale mambo yakalainika. Parokia moja ikatoa kipande cha uwanja, kando ya barabara yenye gari inafika. Vijana wakubwa wakachukua ile kazi mahali pa watoto, gunia lile lile, franga zile zile, wanapeleka uwanjani. Komine ikakubali mtu wake wa kodi asiwasumbue. Tulikuwa bado hatujanunua kitu.

Pesa ya kutekeleza ilipokuja safari hii ilijua pa kwenda. Sitaandika mengi juu ya hatua ya pili, juu kama ya kwanza imefanywa vizuri ya pili ni kazi ya mikono, pusupusu, glavu, uzio, kulipa gari. Jambo moja tu nimwambie yule kijana: fondasio itataka shirika lenye makaratasi, ASBL (shirika lisilo la faida) yenye inafuata ile sheria ya Kongo ya 2001, na ushirika wenu wenyewe hauna hayo makaratasi, kwa hiyo mmoja wenu atabeba pesa ya wote. Mwenye anabeba asiwe bwana. Sisi tuliandika ukurasa mmoja, kwamba pesa haitoki bila sahihi mbili na hizo sahihi zitoke sekta mbili tofauti, na hesabu inasomwa kwa Kiswahili mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, hata kama mtu wa fondasio anaitaka kwa Kifaransa. Ule ukurasa ulituokoa zaidi ya mara moja.

Hatua yenye inaniumiza kichwa ni ya tatu, ya kudumu. Miaka miwili inaisha, fondasio inasema mmefanya vizuri sana, aksanti, tunaenda kusaidia wengine. Na kweli wengine wapo. Lakini ushirika wa miaka miwili ni mtoto amejifunza kutembea jana.

Kwa hili bamama wa likelemba, wale wenye wanachangiana pesa kwa zamu, wanajua kitu chenye fondasio nyingi hazijui. Angalia hizi AVEC zetu, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, zile za sanduku yenye kufuli tatu. Ile njia ilianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, leo iko hadi kwenye avenyu zetu. Mwenye anawafundisha kikundi hawaachi siku moja kama anakata kamba. Mwanzo anakuja karibu kila mkutano. Halafu anapunguza, anakaa nyuma, anaangalia. Halafu anakuja mara moja moja, na siku ya kugawana mwisho wa mzunguko anakuja kuona kama hesabu inasimama. Kuondoka kwake kumepangwa tangu siku yenye alifika. Kwa nini pesa ya fondasio nayo isipungue vile, mwaka wa tatu nusu, mwaka wa nne robo, mwaka wa tano mshahara wa sekretere peke yake? Na Kenya kuna Kenya Community Development Foundation, iko tangu 1997, yenye inasaidia vikundi kujenga mfuko wao wa kudumu, pesa mama inabaki inazaa, wanatumia faida yake. Sisi bado hatujafika huko, lakini ningependa mfadhili mmoja aanze kuongea na sisi hivyo.

Februari 2025 vita ilipofika Bukavu benki zikafunga milango. Akaunti ya ushirika ikawa namba tu. Gari ya takataka ikasimama. Sanduku ya bamama iliendelea kufunguliwa kila Alhamisi, funguo tatu kwa watu watatu, na ndio ile sanduku ililipa vijana wa magunia, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, hakuna aliyewaomba. Fondasio haikuwa na mstari wa kuandika hilo kwenye ripoti, nikaliandika kwa mkono pembeni.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Bagira, hizo kurasa zako kumi na mbili ni nzuri na ni za hatua ya pili. Tafuta ndani yake mtu mmoja mwenye amekaa na mwenzake. Kama hakuna, usiogope kuandikia fondasio kwamba mnaanza, mnaomba kidogo, mnaomba muda. Wenye wanaelewa watawasikia. Na ninyi mlio upande wa kutoa, wenye mnasoma hapa, najua mpo kidogo: wekeni hilo swali la mama kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu, na wiki tatu ni chache kwa watu tisa kujuana.

Amenijibu leo asubuhi. Anasema «Yaya, tuko ku ya kwanza. Hata shefu wa kartie hatuyamuona.» Jumamosi, salongo (kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa) ikiisha, anaenda kumuona, na ameomba tumsindikize. Mama wa sambaza amekubali kuja. Pesa ya motari ya kwenda Bagira na kurudi tumeitoa kwenye sanduku jana.